Nilipopewa Mpira Ibra

Watu wakiniuliza nilifanya nini nilipofika Oman, wanataka niseme nilijenga nchi. Nilijenga, sikatai. Nilikuwa fundi wa simu, na waya nyingi za Ibra za wakati ule zimepita mikononi mwangu. Lakini nikikaa peke yangu na kahawa yangu, nikaikumbuka miaka ile, ya sabini ikimalizika na ya themanini ikibisha hodi, hazinijii nguzo wala waya. Hunijia kriketi, nikacheka mwenyewe mpaka wajukuu wakanitazama kwa wasiwasi.

Asiyeujua mchezo asiogope, nitaueleza mara moja tu. Mpigaji anasimama na kibao chake mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini. Mrushaji anakuja mbio kutoka upande wa pili, anaurusha mpira kwa mkono ulionyooka, maana kukunja kiwiko ni haramu, na mpira unadunda mara moja kabla ya kumfika mpigaji. Ukivigusa vijiti, mpigaji anatoka. Akiupiga juu na mtu akaudaka kabla haujagusa chini, anatoka vilevile. Waliobaki uwanjani kazi yao ni kudaka na kukimbiza. Mengine yote ni mabishano.

Mimi nilikuwa mdakaji. Tena si wale wa mbali, wanaosimama juani wakiwaza chakula cha mchana. Nilisimama ubavuni mwa mpigaji, karibu kiasi cha kumsikia akimeza mate. Mahala hapo panataka mtu mwenye mikono myepesi na asiye na akili nyingi, kwa sababu mwenye akili angeondoka. Mpira wa kriketi ni mgumu, umevalishwa ngozi nyekundu, na ukikupata kwenye goti utawataja babu zako wote kwa majina.

Unguja nilikokulia niliutazama mchezo huu kutoka ukingoni tu, wakicheza wakubwa kwa nguo nyeupe, wakisimama saa kumi kunywa chai. Kisha dunia ikageuka, tukahama, tukahangaika Dubai, na mwisho tukafika Oman, nchi ya babu zetu ambayo mimi sikuwa naijua hata kwa ndoto. Mama aliposhuka garini Ibra alitazama milima, akatazama vumbi, akasema, "Haya, ndiyo hapa walipokuwa wakipasifu?" Kisha akaingia ndani kupika.

Timu ya Ibra ilikuwa mchanganyiko. Wengi walikuwa watu wa kampuni iliyokuwa ikijenga barabara: makarani wa Kihindi, madereva wa Kipakistani, mpima ardhi mmoja Mgoa, na sisi Waswahili watatu tuliokaribishwa kwa sababu tulikuwa na pikapu. Nahodha alikuwa mhasibu wa kampuni, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, mwembamba, viatu vyeupe pe, Kiswahili chake kitamu na hasira zake fupi. Kwake yeye kriketi haikuwa mchezo, ilikuwa dini ndogo. Ukikosa mpira hakukutukana. Alikutazama tu, nawe ukaona heri angekutukana.

Uwanja wetu ulikuwa changarawe tupu nje ya mji. Katikati tulitandika mkeka mrefu wa makumbi ya nazi, tukaukaza kwa misumari ili mpira udunde sawasawa, na tukimaliza tunaukunja na kuondoka nao, kwani mbuzi wa jirani waliuona ni chakula. Upande mmoja palikuwa na bustani za mitende na falaji, yaani ule mfereji wa maji ambao watu wa mji wanagawana kwa zamu. Mpira ukiingia falajini haurudi, unasafiri. Unapita bustani ya huyu, unapita bustani ya yule, na sisi mbio kando yake na nguo zetu nyeupe, na mwenye zamu ya maji mbio nyuma yetu na jembe lake. Siku moja ulifika mpaka wanapofulia kina mama. Bibi mmoja akatuletea juu ya sinia, akatuuliza kwa Kiarabu hili ni komamanga la wapi lisilokatika kwa kisu. Na alikuwa amejaribu kweli, alama ya kisu tuliiona. Tulicheza na komamanga lile mpaka mwisho wa msimu.

Mrushaji wetu alikuwa dereva wa greda, Mpakistani mwenye mabega kama mlango. Akaenda kwao likizo, akaoa, hakurudi, na hakuna aliyemlaumu isipokuwa nahodha. Basi tukaenda Sur bila mrushaji. Safari ya Sur siku hizo ilikuwa safari kweli. Njia ilikuwa ya changarawe, vumbi linaingia mpaka kwenye kope, na tuliposimama Al Kamil kunywa chai tulitambuana kwa sauti. Sur wakatupiga kipigo cha mbwa mwizi. Kila aliyejaribu kurusha, upepo ulimchukulia mpira ukampelekea mpigaji pale pale anapopapenda. Mimi nilisimama ubavuni sina cha kudaka, mipira yote inapita juu ya kichwa changu, na watu wa Sur kwa ukarimu wao wakanishauri nikae chini nipumzike.

Tukashika njia ya kurudi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pikapu, nahodha amekaa mbele yangu na uso wa matanga, nami nikawa nauchezea mpira. Sasa, fundi wa simu wa zama zile alisokota waya kwa vidole kutwa nzima, waya huu na huu, huu na huu, mpaka kidole gumba na cha shahada vikawa na nguvu za koleo. Bila kuwaza nikausokota mpira kama ninavyosokota waya, nikauachia udunde kwenye bodi la gari. Ukadunda, ukakata kona, ukampiga nahodha mguuni.

"Umefanyaje?" akauliza.

"Nisamehe, nahodha."

"Sikukuuliza samahani, bwana. Fanya tena."

Nikafanya tena. Ukakata kona tena, ukampiga mguu uleule. Akapiga ngumi paa la gari mpaka dereva akasimama pale pale njiani, nahodha akaniteremsha, akaliweka pipa la maji juu ya changarawe, akasema, "Rusha." Nikarusha. Mpira ulitoka kama unaokwenda kando ya pipa, ukagusa chini, ukageuka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukaligonga pipa katikati. Wenzetu waliokuwa wamenuna tangu Sur waliruka garini wakaanza kucheza ngoma kwenye vumbi. Nahodha hakucheza. Alivua kofia, akajipangusa jasho, akasema kwa uchungu mkubwa, "Na mimi muda wote huu nimekuweka udake!"

Furaha niliyoipata siku ile siwezi kuieleza vizuri. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi na masharubu, na nilitamani kumwamsha kila mtu aliyelala Al Kamil nimwambie.

Lakini kurusha kwangu kulikuwa haramu, kiwiko kinakunjika. Nahodha akachukua upongoo wa mtende, ule uti mgumu wa kuti, akaulaza kwenye mkono wangu kutoka begani mpaka kiganjani, akauzungushia tepu nyeusi ya umeme niliyokuja nayo kutoka kazini, akaniamuru nirushe hivyo hivyo kila jioni mpaka mkono usahau kukunjika. Mama akanikuta uani.

"Umevunjika wapi?"

"Sikuvunjika, Mama. Najifunza kunyoosha mkono."

"Umri huu? Mkono ulikuwa umenyooka siku niliyokuzaa, wallahi. Kama umeupinda ni wewe mwenyewe."

Nilirusha uani mle miezi na miezi, shabaha yangu kreti la soda, Mama akihamisha vyungu vyake kutoka pembe moja hadi nyingine na kuniombea dua ambazo sizo nilizozitaka. Msimu uliofuata Sur wakaja Ibra kwa mikogo. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akigeuka kuvitazama vijiti vyake vilivyolala kama aliyeibiwa viatu msikitini. Nikavimba kichwa. Nikaanza kutembea taratibu sokoni, nikawa namnunulia chai mtu yeyote atakayeniuliza habari za mkono wangu, na wasioniuliza pia.

Katika hali hiyo ya kuvimba ndipo nilipopelekwa Nizwa kutengeneza simu ya skuli ya wasichana. Aliyenifungulia ofisi alikuwa mwalimu wa kike, kijana, na mlinzi wa skuli kama ilivyo desturi akakaa mlangoni. Kiswahili cha yule mwalimu kilikuwa cha mjini Unguja, safi kuliko changu. Akasimama mbali kidogo, akanitazama nikisokota waya.

"Wewe ndiye yule wa Ibra anayepindisha mpira?"

Nikasema ndiye, na waya ukaniponyoka.

"Baba anasema hapana mtu wa kumpindishia yeye mpira, si Unguja si hapa."

"Baba yako nani?"

Akanitajia, nami nikakata waya usiokuwa wa kukatwa. Simu niliyokuja kuitengeneza ikafa kabisa, ikabidi nirudi kesho yake, na kesho yake tena. Nasema kweli, mara ya tatu ilikuwa haina sababu yoyote.

Baba yake tulimjua sote. Alikuwa mkubwa katika idara moja ya serikali, mtu wa makamo mwenye tumbo la heshima, na mpigaji wa kwanza wa timu ya Nizwa. Alisimama mbele ya vijiti kama aliyekuja kukagua gwaride. Alikuwa akijisifu tangu Unguja kwamba vijiti vyake havijaguswa na mtu ila yeye mwenyewe anapovichomeka, na hata wasiomwamini hawakuwa na ushahidi.

Mama hakuhitaji kuelezwa. Aliniona natia sukari kwenye supu, akanitazama, akauliza, "Binti wa nani?" Wiki ya pili akavaa baibui lake jipya, akamchukua shangazi, nikawaendesha mpaka Bidbid tukapinda kwenda Nizwa. Wao wakaingia ndani kuposa, mimi nikabaki garini kama inavyopasa, nikitafuna kucha. Walipotoka nyuso zao zilikuwa hazisomeki.

"Kasema nini?"

"Kasema," Mama akajibu, "'Nimesikia kijana anarusha mpira. Ijumaa inayokuja atakuja kucheza na sisi. Jibu nitalitoa baada ya mchezo.'"

"Basi?"

"Basi. Kisha akatuuliza mpira wako unapinda kulia au kushoto. Shangazi yako akamwambia kote kote."

Sasa jibu hilo lina maana gani? Mama alikuwa na tafsiri yake, na alinipa njia nzima mpaka Ibra. "Mkwe haangushwi, mwanangu. Huyo anataka kujua kama una adabu. Mrushie taratibu, apige, afurahi, nawe uoe." Nahodha alikuwa na tafsiri nyingine. "Ukimrushia mpira wa huruma," akaniambia, "nakurudisha udake mpaka uote mvi. Yeye ana binti, sawa. Mimi sina binti. Mimi nina timu."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikimtoa yule mzee, namkosa mke. Nisipomtoa, naukosa mpira niliosubiri miaka kuupewa. Na mimi, Mungu anisamehe, vyote viwili nilivitaka kwa roho moja. Wiki ile nililala kidogo na kula kidogo, ila nilikuwa mwepesi wa kucheka, nikicheka na nguzo za simu.

Ijumaa tulifika Nizwa asubuhi na mapema, kwa kuwa mchezo lazima uishe kabla ya sala. Mama na shangazi walibaki garini na chupa ya chai, wakitazama kupitia pazia la dirisha. Mwamuzi alikuwa daktari kutoka Sri Lanka, mtu mpole, asiyejua Kiswahili hata neno. Nahodha akanipa mpira mwenyewe kwa mkono wake, akanitazama kwa ule mtazamo wake.

Bwana mkubwa akaingia uwanjani, kibao begani. Mgeni angeshangaa, maana kila mwenye asili ya Unguja au ya bara, wa timu yao na wa timu yetu, aliacha mahala pake akaenda kumwamkia. Shikamoo, marahaba, watu wa nyumbani hawajambo, na ule mguu unaendeleaje siku hizi? Mkono ukabusiwa na huyu na huyu. Daktari akatazama saa yake, akatazama mbingu, akavumilia. Walikwenda wote isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa kule ninapoanzia mbio zangu, mpira nimeukamata, nimekufa ganzi kwa hofu, nawaza kulia au kushoto, mke au mpira. Wakarudi mahala pao, daktari akashusha mkono, nikaanza kukimbia.

Nilipofika nusu ya njia ndipo akili ikanirudi. Sikumwamkia! Nimepeleka watu wazima nyumbani kwake kuposa, na nimesimama mbele yake kama simjui!

Mwenye busara angesimama. Miguu yangu ilikuwa imekwisha kuondoka. Nilimwona akiinua kibao, nikamwona kwa pembe ya jicho Mama amejishika kichwa nyuma ya pazia, kwani yeye alikuwa ameshaliona kosa langu zamani. Mkono ukapanda, vidole vikasokota vyenyewe, na mpira ulipotoka, sauti nayo ikatoka, kubwa kama ya mwadhini:

"Shikamoo!"

Na yeye, mtu aliyelelewa akaleleka, ambaye kutoiitikia salamu ya mdogo ni sawa na kumfungia mgeni mlango, akaondoa mkono mmoja kwenye kibao, akauweka kifuani.

"Marahaba," akasema.

Mpira ukadunda, ukapinda, ukapita. Kijiti cha katikati kikaruka.

Sijapata kusikia kelele kama zile. Watu wa Nizwa wakasema ni hila, watu wetu wakasema ni adabu. Daktari akauliza nimesema nini, akajibiwa kwa lugha nne kwa pamoja. Nahodha wangu, ambaye mpaka dakika ile alikuwa hana haja na heshima za mtu, akageuka mwanachuoni. "Mdogo asimwamkie mkubwa?" akawa anauliza huku na huku, mikono imefunguka. "Ndivyo mnavyotaka? Tuwafundishe hivyo watoto?" Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nilitaka falaji lipite pale linichukue.

Daktari akakata shauri kwa kanuni. Mpigaji akisumbuliwa makusudi, hahesabiwi kutoka. Akamwendea bwana mkubwa, akamuuliza kwa adabu kubwa kama alisumbuliwa. Neno moja tu, ndiyo, na angerudi mbele ya vijiti vyake. Nilimwomba Mungu amjalie alitamke. Mzee akazungusha macho uwanja mzima, akawaona wote wale waliombusu mkono sasa hivi, wamesimama wanamsubiri.

"Mie nimesumbuliwa?" akasema. "Kwa kuamkiwa? Tangu lini mtu akasumbuliwa kwa kuamkiwa?"

Akakitia kibao kwapani, akatoka.

Wenzangu wakanibeba wakanirusha juu, na kutoka kule juu nilimwona Mama akijifunika uso wote kwa pazia la gari. Tulishinda, nadhani. Waliobaki niliwatoa, sikumbuki vipi. Nilikuwa najiambia kitu kimoja tu: umemkosa, umemkosa.

Desturi haijali nani kalia nani kacheka, wageni hula kwa mwenyeji. Baada ya sala tuliketi sote barazani kwa bwana mkubwa, masinia ya pilau mbele yetu, nami kwa bahati yangu nikawekwa kumwelekea yeye. Alinimegea nyama akaniwekea upande wangu, kama anavyofanyiwa mgeni. Huko pembeni kijana mmoja wa Nizwa akanong'ona, "Katolewa kwa shikamoo," na mabega ya wenzake yakaanza kutikisika. Nikamwona mzee amesikia. Masikio yakamwiva. Niliona haya kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nyama ile sikuimeza, niliisindikiza kwa maji.

Kahawa ikapita, alasiri ikasaliwa, watu wakaanza kuaga. Akasimama.

"Weye," akaniambia. "Uani. Na mpira wako."

Tukatoka sote nyuma yake, daktari na nahodha pia. Alichukua ndoo ya kufulia akaipindua iwe badala ya vijiti, akakunja mikono ya kanzu, akakishika kibao. Kwenye dirisha la jikoni walijaa kina mama, Mama yangu mbele yao. Juu ya dari, kwenye sakafu ya paa, nyuma ya ukuta mfupi, palisikika minong'ono ya wasichana.

"Unisikilize," akasema. "Mji huu kesho utasema nimetolewa na shikamoo. Na mie sikubali kuingia kaburini na maneno hayo. Umeshaniamkia, nimeshakuitikia, yamekwisha, khalas. Sasa rusha. Na ukinirushia mpira wa kubembelezea mtoto ntaujua, wallahi ntaujua, na mama yako atarudi Ibra na jibu lake leo hii."

Mama dirishani alikuwa akinipungia kiganja chini, taratibu mwanangu, taratibu. Nahodha alikuwa akitazama viatu vyake. Mimi nilikuwa nimechoka kuogopa. Tena hofu ilipoondoka, kilichobaki kilikuwa hamu tupu, hamu ya kitoto: yeye mpigaji, mimi mrushaji, hivi nani zaidi? Nikamtazama machoni. Alikuwa na hamu ileile. Nikausokota mpira kuliko nilivyopata kusokota waya wowote, nikaurusha.

Ulidunda kwenye saruji ukapinda vibaya sana. Mpigaji mwingine yeyote ningempata. Yeye aliusoma. Akasogeza mguu, akauzungushia kibao, na mlio uliotoka ulijaza nyumba. Haki ya Mungu, nilifurahi! Nilisimama mdomo wazi nikiutazama mpira wangu ukipanda juu ya ua, juu ya kamba za nguo, naye akipiga kelele, "Haya ufuate! Ufuate huko!" kama kijana wa miaka ishirini. Mpira ukafika mwisho wake angani, ukaanza kuteremka kuelekea darini.

Mikono miwili ikatoka nyuma ya ukuta, ikaudaka.

Sote tukainua vichwa.

"Nani huyo?" mzee akauliza, na sote tulijua kwamba anajua.

"Mie, Baba." Ilikuwa sauti ya darasani, haikutetemeka hata kidogo.

"Umeudaka au umeuokota?"

"Nimeudaka, Baba. Haukugusa chini."

Daktari hakuwa ameelewa hata neno moja la Kiswahili siku nzima, lakini hilo alilielewa. Akainua kidole chake kimoja juu, taratibu, ishara ya mwamuzi kwamba mpigaji ametoka.

Mzee akakitazama kidole, akatazama darini. Alikiegemeza kibao ukutani, akasimama kidogo akipapasa ndevu zake.

"Kauona unakuja," akasema kama anayejiambia mwenyewe. "Angeweza kuuacha ukapita. Angeuacha tu." Kisha akageukia dirisha la jikoni. "Bibi, jibu lako hilo liko juu. Mie sina jengine la kuongeza."

Mama hakumngoja amalize, vigelegele vyake vilisikika nadhani mpaka sokoni. Mimi nilikaa chini kwenye saruji pale pale, nacheka na machozi yananitoka, watu wananivuta mikono huku na huku kunipa hongera. Nilipoinua macho darini alikuwa bado amesimama, mpira ameukumbatia kifuani, na hakuwa na dalili yoyote ya kutaka kuurudisha.